Historia ya Kinyota: Alama Zinazogawa Maandishi

Ndugu Mhariri aliponiandikia kuniomba makala ya historia kwa toleo hili la mkutano wetu, alinipa uhuru wa kuchagua jambo lolote isipokuwa siasa na mpira wa miguu, kwa kuwa hayo mawili, alisema, yamekwisha kupata wasemaji wa kutosha. Nimechagua jambo dogo ambalo kila mmoja wetu amelitumia bila kuuliza asili yake. Nasema juu ya zile alama za mapambo tunazoziweka katikati ya maandishi ili kutenga sehemu moja na nyingine: vinyota vitatu, safu za vistari, maua madogo, na nukta zilizopangwa mstari mmoja.

Wenzangu wa rika langu watakumbuka gazeti la ukutani, na matangazo ya shule yaliyopigwa taipu juu ya stensili, ambamo kila tangazo lilitengwa na lile linalofuata kwa safu ya vinyota kutoka ukingo hadi ukingo wa karatasi. Vijana mlioko shuleni sasa mnazijua alama hizo kwa njia ya simu. Orodha ya michango ya harusi au ya msiba haikamiliki mpaka iwe na safu ya nyota juu na safu ya maua chini. Wapo wakubwa wanaolicheka jambo hili na kuliita utoto. Mimi kwa kazi yangu ya serikali nimeshika karatasi nyingi, na nimefikia kuamini kinyume chake. Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kwamba alama hizi ni kazi ya kale yenye heshima, kwamba zilizaliwa ili kumsaidia msomaji, na kwamba zinastahili kuchekwa pale tu zinapoacha kumsaidia.

* * *

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili, sehemu ya maandishi yenye wazo moja tunaiita aya. Neno hilo limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni ishara, yaani dalili. Neno la Kiingereza la kutaja kitu hicho hicho, kadhalika na la Kifaransa, limetokana na neno la Kiyunani paragraphos, lenye maana ya kitu kilichoandikwa kando. Kwa Wayunani kitu hicho kilikuwa kistari kifupi tu, kilichochorwa pambizoni mwa ukurasa kuonyesha kwamba hapa jambo moja limekwisha na jingine linaanza. Basi tazameni: lugha mbili zilizo mbali, na katika zote mbili jina la fungu la maneno limeshikamana na alama.

Sababu yake si ngumu kuiona. Wayunani wa kale waliandika herufi zote mfululizo bila kuacha nafasi kati ya neno na neno. Msomaji ilimbidi ajitafutie mwenyewe mwisho wa neno, mwisho wa sentensi, na mwisho wa habari. Kistari kile cha pambizoni kilikuwa msaada mkubwa kwa mtu anayesoma kwa sauti mbele ya watu. Mwaka 1902 huko Abusir, Misri, yalifukuliwa mafunjo yenye shairi la Timotheos, na wataalamu huyahesabu miongoni mwa maandishi ya Kiyunani ya zamani sana yaliyosalia, kwa kuwa ni ya karne ya 4 kabla ya Kristo. Katika mafunjo hayo mna vistari vya kugawa, na mahali pamoja pana alama kubwa zaidi iliyochorwa mfano wa ndege. Mwandishi yule angeweza kuweka kistari cha kawaida akaendelea na kazi yake, lakini alichora ndege. Tangu zamani hizo, basi, alama ya kugawa ilikuwa na kazi mbili: kuonyesha njia na kupendeza macho.

Kinyota nacho kina historia ya kuaminika. Kilizaliwa katika maktaba kubwa ya Alexandria, Misri, kati ya karne ya 3 na ya 2 kabla ya Kristo. Wataalamu wa maktaba hiyo walikuwa na kazi ya kulinganisha nakala mbalimbali za mashairi ya Homer, ambazo hazikukubaliana. Hawakutaka kufuta mistari waliyoitilia shaka. Badala yake waliweka alama pambizoni. Zenodotos alitumia kistari kuonyesha mstari unaoshukiwa kwamba si wa mshairi mwenyewe. Waliomfuata, Aristophanes wa Byzantion na Aristarkhos wa Samothrake, waliongeza alama nyingine, mojawapo ikiwa ni asteriskos, yaani nyota ndogo, iliyowekwa kwenye mistari inayorudiwa mahali pengine. Katika karne ya 3 baada ya Kristo, Origen alizichukua alama hizo akazitumia katika kulinganisha tafsiri za Agano la Kale. Sisi tunapoiita alama hii kinyota, tunafasiri bila kujua jina alilopewa na wakutubi wa Alexandria zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Watumishi wenzangu wa serikali watanielewa nikisema kwamba wakutubi hao walifanya kazi ya masijala. Hawakuchana karatasi ya mtu. Waliweka alama, wakamwachia msomaji wa kesho aamue.

* * *

Tuje upande wa waandishi wa Kiislamu, ambao ndio walimu wa mwandiko wa pwani yetu. Tangu karne za mwanzo za Uislamu, aya za Kurani zilitengwa katika misahafu kwa alama ndogo, na katika misahafu mingi kila aya ya tano au ya kumi iliwekewa alama kubwa zaidi, mara nyingi duara lenye rangi au ua lililotiwa dhahabu. Walikuwapo wanazuoni wa mwanzo waliochelea kuongeza chochote ambacho si maneno yenyewe. Hata hivyo manufaa ya alama hizo kwa msomaji na kwa anayehifadhi yalizidi kuonekana, nazo zikaenea. Baadaye msahafu uligawanywa juzuu 30, na juzuu hizo zikawa hizbu 60, na kila hizbu robo 4, jumla robo 240. Katika misahafu mingi iliyopigwa chapa, mwanzo wa robo huonyeshwa kwa nyota yenye pembe nane, namna hii: ۞. Mtoto wa chuoni aliyepewa robo moja ya kuhifadhi hahitaji kuhesabu kurasa. Anaitafuta nyota.

Waandishi wa hadithi walikuwa na desturi nyingine inayonifurahisha zaidi. Baina ya hadithi na hadithi waliweka duara dogo. Mwanachuoni Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 1071, alishauri kwamba duara hilo liachwe tupu wakati wa kunakili, na kwamba mwandishi akisha kulinganisha hadithi hiyo na nakala ya asili, ndipo atie nukta ndani ya duara. Kwa hiyo alama moja ilieleza mambo mawili. Duara lilisema kwamba hapa pameishia hadithi. Nukta ndani yake ilisema kwamba hadithi hii imehakikiwa. Duara tupu lilikuwa onyo kwa msomaji kwamba kazi ya mwandishi bado haijatimia. Sijaona katika ofisi zetu mhuri unaosema mengi kwa wino mchache namna hiyo.

* * *

Huko Ulaya alama ya kugawa ilipita njia nyingine. Warumi waliochonga maandishi juu ya mawe walipenda kuweka jani la mtambaa baina ya maneno au mwisho wa habari. Jani hilo halikupotea. Linapatikana hata leo katika kompyuta zetu, limelala upande: ❧. Katika Zama za Kati waandishi wa vitabu walitumia herufi C, iliyo mwanzo wa neno la Kilatini capitulum, maana yake kichwa kidogo, kuonyesha mwanzo wa jambo jipya. Herufi hiyo ikaongezewa vistari vya kusimama, ikajazwa wino, na hatimaye ikawa alama hii tunayoiona leo: ¶. Alama hizo hazikuandikwa na mwandishi wa maneno. Yeye aliacha nafasi, kisha fundi mwingine akaja na wino mwekundu au wa buluu akazijaza.

Johannes Gutenberg alipopiga chapa Biblia yake huko Mainz, kazi iliyomalizika kwenye mwaka 1455, desturi hiyo ilikuwa bado hai. Mashine ilitoa maneno meusi, na mapambo ya rangi yaliongezwa kwa mkono. Lakini chapa ilikuwa na kasi, na vitabu vikawa vingi kuliko mafundi wa rangi. Wanahistoria wengi wa uchapaji hueleza kwamba vitabu vingi vilitoka na nafasi tupu ambazo hazikujazwa kamwe, na wasomaji wakazoea kuielewa nafasi ile yenyewe kuwa ni alama ya mwanzo wa aya. Ndiyo nafasi tuliyofundishwa darasani kuiacha kila tunapoanza aya mpya, na ambayo mwalimu alitukata alama tukiisahau. Ni kaburi la alama nyekundu.

Wapiga chapa hata hivyo hawakukubali kuishi bila mapambo. Katika karne ya 16 walitengeneza maua madogo ya risasi, kila moja likiwa kipande kimoja kama herufi, ili yapangwe pamoja na maneno. Fundi mashuhuri katika kazi hiyo alikuwa Mfaransa Robert Granjon. Maua yake yalifanywa kwa namna ambayo vipande vichache, vikigeuzwa huku na huku, viliweza kuunganishwa na kuwa pambo refu la kutenga sura na sura. Mitindo ya maua hayo Wazungu waliiita ya Kiarabu, nao walisema kweli, kwa kuwa ilitokana na sanaa ya nchi za Kiislamu iliyoingia Ulaya hasa kwa njia ya Venice. Granjon huyo huyo alikwenda Roma, na katika miaka ya 1580 alichonga herufi za Kiarabu kwa ajili ya kiwanda cha chapa cha ukoo wa Medici. Kwa hiyo ua dogo linalotenga sura katika kitabu cha Kiingereza cha zamani lina ujamaa na ua lililotenga aya katika msahafu.

* * *

Wakati Ulaya ikipiga chapa, pwani yetu iliendelea kuandika kwa mkono, na hapa ndipo penye jambo linalotugusa sisi wenyewe. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, waandishi wa karne ya 18 na ya 19 walinakili misahafu yenye mapambo ya rangi, ambayo sasa wataalamu wa dunia huisafiria mbali kuitazama. Lamu alikuwapo Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, mshairi, mchonga milango na mwandishi wa miswada, ambaye aliwanakilia tenzi wataalamu wa Ulaya akiwamo Ernst Dammann. Si ajabu kwamba mtu aliyechonga maua juu ya mlango alijua pia kuyaweka katika ukurasa.

Sasa angalieni jinsi utenzi ulivyoandikwa. Kila mwanafunzi anajua kwamba ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kipande kwa kawaida kina mizani 8, vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne kina kina cha bahari kinachorudi katika kila ubeti mpaka mwisho. Katika miswada mingi ya herufi za Kiarabu, ubeti mzima uliandikwa katika mstari mmoja, vipande vikitengwa kwa alama ndogo, mara nyingi kwa wino mwekundu. Kwa kuwa mwandiko wa Kiarabu hutoka kulia kwenda kushoto, kipande cha nne kiliangukia ukingo wa kushoto. Kwa hiyo mwenye kuushika muswada aliviona vina vya bahari vimesimama chini kwa chini kama nguzo, kutoka ubeti wa kwanza wa ukurasa hadi wa mwisho. Jicho liliona kile ambacho sikio lilisikia.

Tulipohamia herufi za Kirumi, na tenzi zikaanza kupigwa chapa vitabuni, kwa kawaida kila kipande kilipewa mstari wake. Mwisho wa mstari ukachukua kazi ya alama, na alama zikaachwa. Silaumu jambo hilo. Vitabu hivyo ndivyo vilivyotufikishia tenzi sisi wa bara, tusiojua kusoma herufi za Kiarabu. Lakini ile nguzo ya vina haionekani tena, na wengi wetu tulimaliza kidato cha sita tukijua kuhesabu mizani bila kujua kwamba waliotunga tenzi hizo walikuwa na njia yao ya kuipanga kurasa. Tulirithi maneno bila mpangilio wake.

Upotevu huu haujakamilika, na ndiyo maana naandika. Miswada mingi imehifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake iliyotayarishwa na J. W. T. Allen ilichapishwa mwaka 1970, na mingine iko London na Hamburg. Mingine ingali katika masanduku ya watu majumbani. Vijana wengi sasa wanapiga picha kurasa hizo kwa simu na kuzinakili katika kompyuta. Ombi langu kwao ni moja: mnaponakili, andikeni na alama. Elezeni ni duara au nukta tatu, ni nyeusi au nyekundu, na imewekwa wapi. Anayenakili maneno peke yake na kuziacha alama anafanya kile ambacho wakutubi wa Alexandria walikataa kufanya, yaani kumwamulia msomaji wa kesho.

* * *

Mashine ya taipu ilipotoka kiwandani kwa Remington, Marekani, mwaka 1874, ilikuwa na herufi kubwa tu. Wino mwekundu, jani, ua, vyote vilitupwa nje. Lakini binadamu ni mbishi. Mwaka 1898 mwanamke wa Kiingereza aitwaye Flora Stacey alitoa picha ya kipepeo aliyoipiga kwa mashine ya taipu, kwa mabano, vistari na nukta. Wapiga taipu wa ofisi zote za dunia walijifunza kutenga habari kwa kile walichokuwa nacho: safu ya vistari, safu ya herufi o yenye kistari kila upande, na kinyota. Utepe wa rangi mbili, nyeusi na nyekundu, ulipokuja, ile kazi ya fundi wa rangi wa Zama za Kati ilirudi kwa kubonyeza kitufe.

Waliowahi kukata stensili watakumbuka kwamba alama hazikuwekwa ovyo. Herufi o iliyopigwa kwa nguvu ilitoboa tundu zima, na kistari cha chini kikirudiwa mfululizo kiliweza kuchana karatasi ya nta, kazi yote ikaanza upya. Kila pambo lilikuwa na gharama yake, na aliyeliweka alikuwa amekwisha kupima.

Katika ofisi moja niliyopata kufanya kazi, ambayo sitaitaja, ulitolewa waraka wa kurasa tisa kuhusu uhakiki wa kumbukumbu za watumishi. Ulikuwa fungu moja la maneno tangu mwanzo hadi mwisho. Tarehe ya mwisho ya kuleta vyeti ilikuwa ukurasa wa sita, katikati ya sentensi ndefu iliyoanza kwa habari za likizo. Watumishi kadhaa hawakuiona, majina yao yakarukwa, na mishahara yao ikachelewa. Mmoja wao alikuwa na mgonjwa hospitali. Baadaye mama mmoja wa masijala aliuchukua waraka ule ule akaupiga upya bila kubadili neno hata moja. Alichofanya ni kuukata mahali saba kwa safu za vinyota, na kuiweka tarehe peke yake baina ya safu mbili. Siku ya pili kila mtu aliijua tarehe. Tangu hapo sijamsikia mtu akiziita alama hizo utoto nikamkubalia.

* * *

Kompyuta ilirithi umaskini wa taipu. Jedwali la herufi liitwalo ASCII lilitangazwa Marekani mwaka 1963. Lilikuwa na nafasi 128 tu, na katika hizo alama za kuonekana, kwa marekebisho ya mwaka 1967, zilikuwa 95, pamoja na nafasi tupu. Kinyota kilikuwamo. Jani na ua havikuwamo. Watu walioandikiana kwa kompyuta miaka hiyo hawakuwa na herufi nene wala rangi, wakafanya kama wapiga taipu. Safu ya vistari ilitenga habari na habari. Vistari viwili na nafasi moja vilitenga barua na sahihi. Mwezi Oktoba 1995 ulitolewa mwongozo wa adabu za mawasiliano hayo, unaojulikana kwa namba RFC 1855. Ulishauri kutumia vinyota kutilia mkazo neno, na pia sahihi isizidi mistari minne. Laiti baadhi yetu tungeusoma.

Kompyuta ndogo ya IBM ya mwaka 1981 iliongeza alama za mistari, wa mmoja na wa sambamba, ambazo ziliunganishwa kuwa visanduku na majedwali. Mwaka 1978 mchoraji wa herufi wa Kijerumani, Hermann Zapf, alitoa mkusanyo wa nyota, majani, mishale na mikono inayoonyesha. Mwaka 1991 lilitoka toleo la kwanza la Unicode, jedwali lililokusudia kubeba miandiko yote ya dunia, na mapambo ya Zapf yakaingizwa humo. Leo jedwali hilo lina alama zaidi ya 150,000. Humo mna nyota ya robo ya hizbu na jani la Warumi. Mna pia vinyota vitatu vilivyopangwa pembetatu, ⁂, ambavyo wapiga chapa walivitumia kutenga sehemu za kitabu. Kijana mwenye simu ya bei ndogo anayo mfukoni hazina ambayo Granjon na Kijuma wangeitamani.

Kinyota chenyewe kimepanda cheo. Tangu mwaka 2004 upo utaratibu uitwao Markdown, ambao ukiandika vinyota vitatu peke yake katika mstari, kompyuta inavigeuza kuwa mstari wa kutenga. Katika WhatsApp, kinyota kimoja kila upande wa neno hulifanya liwe nene. Alama iliyoanza kama maelezo kwa msomaji sasa ni amri kwa mashine.

* * *

Utajiri huu una hatari yake. Ninaye rafiki kazini asiyeona. Kompyuta na simu yake humsomea kwa sauti kila kilichoandikwa. Siku moja aliniwekea chombo sikioni nisikie tangazo la msiba wa mwenzetu kama yeye anavyolisikia. Sauti ilisema nyota nyeusi, nyota nyeusi, nyota nyeusi, kisha ua, kisha ua, ikaendelea hivyo kwa muda mrefu kabla ya kulifikia jina la marehemu. Jina lenyewe lilikuwa limeandikwa kwa zile herufi za mapambo zilizowekwa kwenye jedwali kwa ajili ya hesabu, na chombo hakikuweza kulisoma kama jina. Ilimbidi apige simu kuuliza nani amefariki. Alinieleza bila hasira. Alisema tu kwamba kinyota kimoja, au vitatu, havimsumbui. Vinamwambia kwamba tumefika mahali pa kupumua. Vinavyomchosha ni safu ndefu zisizosema neno.

Nadhani maneno yake yanajumlisha historia yote niliyoieleza. Kistari cha Wayunani kilimsaidia anayesoma kwa sauti. Duara la wanahadithi lilimwambia msomaji aamini au angoje. Alama nyekundu ya mswada wa Lamu ilimwonyesha mwimbaji mwisho wa kipande. Ndege wa Timotheos na maua ya Siyu yalipendeza, lakini kwanza yalikuwa mahali pake. Pambo lililokaa pale ambapo habari inageuka ni adabu kwa msomaji. Pambo lililomwagwa kila mahali halionyeshi tena mgeuko wowote, na kwa msomaji asiyeona linakuwa ukuta.

Basi, vijana wetu, msione haya kutumia vinyota. Chagueni alama moja kwa kazi moja, na muitumie hivyo hivyo hadi mwisho. Ziwe chache. Kabla ya kutuma tangazo, hasa la msiba, la mtihani au la fedha, lisomeni kwa sauti pamoja na alama zake zote, kama chombo cha rafiki yangu kinavyofanya, na kila alama mnayoona uvivu kuitamka ifuteni. Na yeyote kati yetu, mkubwa au mdogo, mwenye mswada wa zamani nyumbani kwao, aulete kwa walimu wa historia au aupeleke chuo kikuu ukapigwe picha ukiwa mzima, wino mwekundu pamoja na mweusi, kabla mchwa hawajaugawa kwa namna yao.